Mashine Nzima, Usingizi Mbovu

Waliponiaga kwa fanta na keki, wenzangu wa karakana waliniomba niwaachie maandishi juu ya kila mashine ya hospitali: ipi inachemka kupita kiasi, ipi inajizima yenyewe, ipi inataka kupigwa kofi ubavuni ndipo iwake. Orodha hiyo nimeshawapa. Haya ni yale yaliyokataa kuingia kwenye orodha. Vyeo sitavieleza. Nilipandishwa mara mbili, na moja kati ya hizo lilikuwa kosa la karani.

Nilizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, nikasomea umeme katika shule ya ufundi ambako wasichana tulikuwa wawili. Mwenzangu aliondoka mapema akaenda kushona. Familia iliporudi nyumbani Rwanda, nilivuka daraja la Rusizi nikiwa na begi moja la nguo na bisibisi iliyofungwa kwenye kitenge. Siku ya kwanza hospitalini, mlinzi wa geti alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, akanionyesha njia.

“Maman, bale ba kufula banapitiaka kule nyuma.”

Nilimwambia sikuja kufua nguo, mimi ni fundi wa mashine. Akacheka kwa adabu, kama mtu anayecheka mzaha wa mgeni, kisha akanisindikiza mwenyewe mpaka karakana ili aone mwisho wake.

Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Anastazi, mtu mwembamba mwenye koti la bluu lililofuliwa mpaka likawa karibu jeupe. Hakuniuliza cheti. Alinipa sanduku la skrubu zilizochanganyika na kuniambia nizipange. Nilizipanga siku tatu. Siku ya nne akaniuliza nimeona nini.

“Skrubu, Mzee.”

“Na zile zenye kichwa kilichoharibika?”

“Ziko nyingi.”

“Kila moja iliharibiwa na muntu mwenye haraka,” akasema, akanipa mashine yangu ya kwanza.

Nilikaa naye miaka kumi na moja. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mota na mpini wake sikioni, kama daktari anayesikiliza kifua. Madaktari aliwasemesha Kifaransa, wauguzi Kinyarwanda, na mashine alizigombeza kwa Kimashi, lugha ya upande wa Bukavu, kwa sababu, alisema, hakuna lugha nyingine yenye matusi ya kutosha kwa pampu. Mpaka leo mota ikikataa kuwaka, Kimashi kinanitoka, ingawa maana ya maneno yenyewe siijui yote.

Kulikuwa na visa vingi. Wakati mmoja chombo cha kuchemshia vifaa vya upasuaji kilianza kutoa harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Niliwauliza wauguzi mmoja mmoja. Wote hawakujua kitu, na wote walikuwa wamekula. Nilibadilisha mpira wa mfuniko, nikaosha mabomba, na juu yake nikabandika karatasi yenye maneno matatu: HII SI SUFURIA. Samaki waliisha. Baada ya mwezi nikakuta ganda la kiazi kitamu, nikaongeza neno la nne ambalo sitaliandika hapa.

Lakini kisa ninachotaka mkijue vizuri kilikuja nikiwa nimebakiza miaka michache, wakati mashine za usingizi zilipoanza kufika kwetu.

Kwa ninyi ambao hamjazigusa: kuna watu ambao wakilala koo linajifunga na pumzi inakatika. Wanashtuka, wanavuta hewa kwa kishindo, wanalala tena, na hivyo hivyo usiku mzima bila wao kujua. Asubuhi wanaamka wamechoka kama watu waliolima. Mashine inasukuma hewa kupitia bomba na barakoa ya puani ili koo libaki wazi. Ndani kuna kikopo cha maji cha kuipa hewa unyevu, na kadi ndogo inayoandika kila kitu: mgonjwa alivaa saa ngapi, hewa ilivuja lini, pumzi ilikatika mara ngapi. Kumbukeni jambo moja. Nguvu ya hewa si yetu, ni ya daktari. Sisi tunahangaika na bomba, barakoa, maji na umeme, na hayo yanatosha kumzeesha mtu.

Mgonjwa wangu alikuwa Papa Jaki wa Nyakarenzo, mfanyabiashara mwenye gari dogo la mizigo aliyekuwa akichukua nyanya Ruhwa na mchele Bugarama, akileta Kamembe. Mtu mkubwa, shingo nene, na sharubu ambazo mpaka wote wa Ruhwa ulizijua. Alikuwa na sifa moja nyingine: alilala popote. Alilala amesimama kwenye foleni ya mpakani, karatasi mkononi. Alilala kwenye posa ya binti wa kaka yake, yeye mwenyewe akiwa msemaji wa familia. Katikati ya sentensi akafumba macho na kunyamaza. Upande wa bwana harusi wakadhani amechukizwa, wakaongeza ng'ombe mmoja. Familia ilimsifu sana kwa ujanja huo, naye hakuwahi kuwaambia ukweli.

Siku moja alilala akiwa anaendesha. Gari liliacha barabara taratibu, likaingia shamba la mpunga, likasimama kwenye maji. Hakuna aliyeumia. Watu walipomwamsha aliuliza ni nani ameegesha gari lake pale.

Hapo daktari wetu alimtuma Kigali, wakampima usingizi, akarudi na mashine. Daktari akamwekea sharti: hatashika usukani mpaka kadi ionyeshe mwezi mzima wa kulala vizuri. Mkewe akachukua funguo za gari, akazifungia kwenye droo yake.

Baada ya wiki mbili aliingia karakana akiwa amekumbatia mashine kwapani kama kuku wa kuuza. Mkewe alimfuata nyuma, mwanamke mdogo, mpole, akakaa kwenye benchi na kuweka mikono mapajani.

“Maman Konso,” Papa Jaki akasema, “pompi yako iko mubaya. Nalalaka bien, kisha naamuka. Nalala tena, naamuka tena. Paka asubui. Mbele ya kupata pompi nilikuwa nalala kama gogo.”

“Mbele ya pompi ulilala ndani ya mpunga, Papa Jaki.”

“Lakini nililala!”

Nilifungua mashine nikakuta bomba lina maji. Nyakarenzo usiku kuna baridi. Hewa ya mashine inatoka na joto lake, inapita kwenye bomba baridi, inageuka matone, na matone yanashuka mpaka puani.

“Ni vile,” akasema. “Juzi nilivuta mayi na pua. Mi nakufa mayi mu kitanda, na ziwa liko mbali!”

Kazi rahisi, nikajisemea. Nilipunguza joto la kikopo, nikawaambia waweke mashine kwenye kigoda kilicho chini kuliko kitanda ili maji yarudi yalikotoka, na nikamwomba Maman Jaki alifumie bomba soksi ya sufu. Aliifuma nyekundu na kijani. Ilikuwa nzuri kuliko sweta lolote nililowahi kuvaa. Maji yakaisha.

Papa Jaki aliendelea kuamka.

Nilisoma kadi. Pumzi ilikuwa safi, lakini kila baada ya muda hewa ilivuja ghafla, dakika moja hivi, kisha ikatulia. Nilitazama barakoa, nikatazama uso wake, nikaona tatizo limekaa waziwazi chini ya pua.

“Papa Jaki, hewa inavujia kwenye sharubu.”

Alizishika kwa mikono miwili. “Hizi nilitoka nazo Bukavu.”

“Najua.”

“Bibi yangu nilimuoa na hizi.”

“Umuoe tena bila.”

Mazungumzo yalichukua wiki moja. Mwishowe alizinyoa. Alipoenda Ruhwa kusalimia wenzake, afisa aliyemjua miaka ishirini alimwomba kitambulisho, akakitazama, akamtazama, akaita mwenzake. Mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe na wenye aibu, kama kitu kilichotolewa ndani ya ganda. Alirudi kwangu siku ya nane, akasimama mlangoni, hata hakuingia.

“Sharubu zimekufa bure,” akasema.

Nilimkataza chai baada ya jioni. Nilimkataza urwagwa kabisa, kwa sababu pombe inalegeza koo. Nilibadilisha mikanda ya barakoa, nikabadilisha barakoa yenyewe. Daktari akapanga hewa ianze pole na kupanda kidogo kidogo. Kila mara wote wawili walikuja, yeye akilalamika, mkewe akiwa kwenye benchi. Kila mara nilikuta kitu cha kurekebisha na nikakirekebisha, na kila mara usiku ulikuwa ule ule. Mchana alisinzia kama zamani. Wateja wake Kamembe walianza kununua nyanya kwa watu wengine, na gari lilikaa nyumbani, kuku wakitaga chini yake.

Mwezi wa pili ukaisha. Akaja na mashine imefungwa kwenye sanduku lake.

“Maman Konso, chukua pompi yako. Mi nachukua gari yangu.”

“Ukilala tena njiani?”

“Kama nakufa, nakufa na volani ya gari mukononi. Si vile, na bomba mu pua kama tembo, bila sharubu, bila urwagwa, na bila usingizi!”

Nilimtazama mkewe. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake ulishika mfuko wa nguo yake, mahali palipokuwa na ufunguo wa ile droo ya funguo za gari. Nikajua hatazitoa kwa hiari, na kwamba mume akizichukua kwa nguvu kitu kitavunjika katika nyumba ile, zaidi ya gari.

“Papa Jaki, nipe leo tu,” nikasema. “Lala hapa.”

“Hapa wapi?”

Karakana ilikuwa na kitanda cha wagonjwa kilichokosa mguu mmoja. Mahali pa mguu palikuwa na betri kuukuu. Ilikuwa saa nane mchana. Nilimvalisha barakoa, nikawasha mashine, nikamwomba mkewe aende sokoni kununua anachotaka. Papa Jaki alilala kabla sijamaliza kufunga pazia.

Habari zikazunguka hospitali. Wauguzi walikuja kumtazama wawili wawili. Mhasibu alikuja na kiti. Mzee wa kanisa aliyekuwa akitembelea wagonjwa aliona mtu mkubwa amelala kimya na bomba usoni, akavua kofia na kuanza kumwombea safari njema. Ilibidi nimtoe nje. Mvua ikapiga mabati. Nilitoboa bamba la chuma kwa mashine ya kutobolea, makusudi kabisa. Papa Jaki hakutikisika. Alilala mpaka saa kumi na moja, akaamka, akatabasamu kwa watu wote, akauliza kama kuna chakula.

Nilichomoa kadi. Mstari ulikuwa umenyooka tangu mwanzo hadi mwisho.

Basi mashine ilikuwa nzima, barakoa nzima, bomba zima, na Papa Jaki mwenyewe mzima. Miezi miwili nilikuwa natengeneza vitu visivyoharibika. Nilikaa na zile kadi za usiku nikazisoma upya, na safari hii nikaona kitu. Ile hewa haikuvuja wakati pumzi ilipokuwa mbaya. Ilivuja alipoamka, baada ya muda mrefu wa pumzi nzuri. Kadiri alivyolala vizuri, ndivyo alivyoamka.

Nikasema ni umeme wa nyumbani kwao. Fundi wa umeme akikwama, hicho ndicho kisingizio anachokimbilia.

Kesho yake mchana nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Nyakarenzo na kipimo changu cha umeme. Papa Jaki alikuwa kwa jirani. Nilipima soketi ya chumbani, nikapima ya sebuleni, nikapima hata ya jikoni. Umeme wao ulikuwa bora kuliko wa hospitali. Maman Jaki alinitazama nikipiga magoti kila kona ya nyumba yake, kisha akaniletea chai. Nilikaa. Kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kupima, nikamuuliza yeye.

“Na wewe, Maman Jaki, unalalaka?”

Akacheka kidogo. “Mi? Mi silalake.”

“Sababu ya kelele ya mashine?”

“Haina kelele.” Alizungusha kikombe mkononi. “Tangu tulioana, ule muntu anakoromaka. Akikoroma, najua iko. Akinyamaza, najua pumzi imekatika. Namusukuma na kiwiko, anavuta hewa, anaanza tena. Hakuna muntu alinifundisha.”

“Kila usiku?”

“Kila usiku. Batoto sita nilizaa. Hata usiku wa kuzaa nilituma dada yake alale kule, amusukume.”

Nikaweka kikombe chini.

“Na sasa, na mashine?”

Sauti yake ikashuka. “Na mashine ananyamaza usiku muzima. Mi nasikia kimya tu. Nangoja. Nasema, ngoja kidogo, labda iko. Nangoja tena. Kisha nasema, aye, leo amekufa. Namusukuma.”

Yule mwanamke alikuwa amekaa kwenye benchi yangu kila wiki kwa miezi miwili. Nilimuuliza mumewe juu ya chai, pombe, pua, koo, mto, dirisha. Yeye nilimwomba afume soksi.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Haukuniuliza. Na yeye alisema ni pompi.” Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. “Tena niliogopa. Nikisema, mutanitosha mu chumba, nilale kwingine. Sasa nani atamusukuma?”

Nilimtuma mtu amwite Papa Jaki. Nilimlaza kitandani mwao, nikamvalisha barakoa, nikawasha. Nikamwonyesha Maman Jaki vitundu vidogo vilivyo mbele ya barakoa, ambavyo hata mimi nilikuwa navitazama kama kitu cha kusafisha tu. Pumzi ya mgonjwa inatokea pale. Nikachukua mkono wake nikauweka karibu, bila kugusa.

Alisubiri. Hewa ilitoka kwa nguvu zaidi, ikapungua, ikatoka tena kwa nguvu.

“Iko,” akasema polepole. “Iko anapumua.”

Mkono wake haukuondoka. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaona aibu kuwa chumbani kwao.

Papa Jaki alitaka kujua kinachoendelea, lakini kwa barakoa ya puani ukifungua kinywa hewa yote inatokea hapo. Alitoa sauti kama mbuzi. Nikazima mashine. Nikamweleza.

Aliinuka ghafla. “Ni wewe! Mama, ni wewe unaniamushaka? Sharubu zangu! Urwagwa yangu!”

“Ni mi,” mkewe akasema.

“Miezi mibili!”

“Miaka yote,” akasema. “Si miezi.”

Papa Jaki alikaa ukingoni mwa kitanda, bomba lenye soksi nyekundu na kijani likining'inia puani, akatazama mlango, akatazama dirisha, akatazama miguu yake. Sijawahi kuona mtu mkubwa vile akikosa mahali pa kuweka macho.

“Hata usiku wa batoto?” akauliza mwishowe.

“Hata ule.”

Nilikusanya vyombo vyangu nikaondoka bila kumaliza chai.

Makubaliano yalikuwa rahisi: kiganja mbele ya barakoa, ndiyo; kiwiko, hapana. Wiki ya kwanza kadi ilionyesha hewa ikivuja mara chache. Maman Jaki alikiri mwenyewe kwamba kiganja kilimshinda mara mbili, tena ile ya pili alimsukuma kwa sababu ya hasira ya kawaida ya ndoa, haikuhusu pumzi. Wiki ya pili mara moja. Kisha mstari ukanyooka, na ukabaki hivyo. Mwezi ulipotimia daktari akatia sahihi, na funguo zikatoka kwenye droo. Papa Jaki alirudi barabarani akiwa macho, kitu ambacho watu wa Ruhwa walichukua muda kukizoea. Walisema sasa anabishana sana bei.

Nilidhani nimemalizana nao. Miezi miwili baadaye aliingia karakana peke yake, bila mashine, akafunga mlango nyuma yake na kunong'ona.

“Maman Konso. Pompi iko muzuri sana. Ni Maman Jaki.”

“Ana nini?”

“Tangu ameanza kulala, anakoroma. Si kidogo! Ni kama lori inapanda mulima wa Nkungu. Naamuka, sipate tena usingizi.”

“Umemwambia?”

Akanitazama kama nimemtukana. “Nimwambie nini? Nimwambie aache kulala?”

Niliwapeleka wote kwa daktari, nikabaki humo kwa kisingizio cha kutengeneza taa ya mezani. Safari hii mke ndiye aliyeulizwa kwanza. Daktari alimpima shinikizo la damu, akamtazama koo, akamsikiliza kifua, akauliza maswali marefu, kisha akafunga faili. Hakuna ugonjwa, akasema. Koo zima, moyo mzima. Ni uchovu tu. Mwili umepata usingizi na unaula kwa pupa. Mwacheni alale.

“Paka lini, dokta?” Papa Jaki akauliza.

Daktari akavua miwani. “Mumeoana tangu lini?”

Papa Jaki alianza kuhesabu kwa vidole. Alimaliza mkono mmoja, akaingia wa pili, akamtazama mkewe, aliyekuwa ameshasinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Akaacha kuhesabu, akakaa vizuri, akamwomba daktari kwa ishara apunguze sauti.